Njia yangu ya mbao kuelekea ziwani imeinuka na kupinda: tatizo ni nguzo, maji au fundi?

1. Mrithi_wa_Garuga

Habari zenu wanajukwaa. Baba yangu aliniachia kiwanja upande wa Garuga, kati ya Entebbe na Kampala, na kati ya nyumba na maji ya wazi ya Ziwa Victoria kuna ukanda wa mafunjo ambao kwa miaka mingi watoto waliuvuka kwa kukanyaga matope hadi magotini. Baada ya wawili wao kutibiwa kichocho, mwaka 2021 niliamua kujenga njia ya mbao. Ina urefu wa mita 46 na upana wa mita 1.2. Imebebwa na jozi 24 za nguzo za mkaratusi uliotiwa dawa, zilizopangwa kila baada ya mita mbili, na juu yake kuna mbao za msonobari, nazo pia zimetiwa dawa.

Maji yalipopanda tena mwaka 2024, theluthi ya mwisho ya njia hiyo, kuanzia jozi ya 17 hadi ya 24, ilifunikwa kwa takriban wiki tatu. Yaliposhuka kidogo nilikuta sehemu hiyo imeinuka na kulalia upande wa mashariki, na ukisimama mwanzoni ukatazama mbele unaona kitu kama mgongo wa ng'ombe aliyekonda. Fundi aliyeijenga anasema hilo ni jambo la Mungu. Jirani yangu ananishauri ning'oe kila kitu nimwage moramu hadi majini. Kabla sijatumia shilingi nyingine naomba kujua: ni nini hasa kilichoiinua?

2. FundiMbao_Masese

Pole sana. Mimi natengeneza mitumbwi na magati madogo hapa Jinja, na kwa maelezo yako sihitaji kufika huko ili kujua kwamba nguzo hazikuingia ardhini. Tope la mafunjo ni tapeli. Ukisukuma nguzo kwa mikono inashuka mita moja na nusu, halafu inakwama kwenye mizizi ya zamani iliyolala huko chini, na fundi mvivu anaamini kwamba amegusa ardhi, anaipiga nyundo mara tano, anapokea fedha zake na kuondoka. Ukitaka kujua ukweli chukua nondo ya mita nne au tano, isukume kando ya nguzo na uizungushe huku ukiisukuma mpaka ikatae kabisa. Kule inakokatalia ndiko ardhi ilipo, na nguzo ilipaswa kupita hapo.

Je, nguzo zilikuwa na urefu gani, na ziliingia kiasi gani?

3. Mpimaji_Ardhi

Kabla hatujafika kwenye nondo na nyundo, mleta uzi atuambie kama alikuwa na kibali. Kanuni za mwaka 2000 kuhusu ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zimeweka ukanda wa hifadhi wa mita 200 kwa Ziwa Victoria, unaopimwa kutoka alama ya maji ya chini, na shughuli katika ukanda huo zinahitaji idhini ya NEMA, yaani mamlaka ya mazingira ya Uganda. Njia yenye mita 46 imo yote ndani ya ukanda huo, na huenda nyumba nayo imo. Sisemi haya ili kumtisha mtu. Nasema kwa sababu atakayejenga mara ya pili bila karatasi anaweza kulazimika kubomoa kwa mara ya pili.

4. Baharia_Mwanza

Kwetu Tanzania sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataja mita 60, kwa hiyo jirani zetu mmetuzidi kwa ukali, angalau kwenye karatasi.

Nirudi kwenye swali. Ninaona FundiMbao anamshtaki fundi mwenzake haraka mno. Mbao huelea, na njia iliyozama wiki tatu ni jahazi lililofungwa kwenye nguzo. Tupige hesabu ya haraka. Mita 15 kwa upana wa mita 1.2 kwa unene wa sentimita 4 ni mita za ujazo 0.72, na ukiongeza boriti tatu za chini unakaribia mita ya ujazo moja. Msonobari mkavu una takriban kilo 500 kwa kila mita ya ujazo, ilhali maji yana kilo 1,000, kwa hiyo sehemu hiyo ilikuwa ikivutwa kwenda juu kwa nguvu ya takriban kilo 500, usiku na mchana. Hapo hakuna jambo la Mungu, ni jambo la hesabu.

5. Hajati_Kalangala

Asalaam aleikum. Nina nyumba tatu za wageni huko kisiwani Bugala, na njia yangu ya mbao imeshavunjika mara mbili, kwa hiyo nina haki ya kuchangia. Upande wetu hakuna tope, ni mchanga, na hatari yetu ni mawimbi ya upepo wa kusini, ambao husafiri juu ya maji ya wazi mwendo mrefu bila kuzuiwa na chochote. Mawimbi hayo hayavunji njia kutoka ubavuni kama watu wanavyofikiri, huipiga kutoka chini. Mbao za sakafu zilikuwa zikifyatuka moja moja kama meno ya mzee. Sasa tunazifunga kama vidirisha vya mita mbili mbili, kila kimoja kwa bolti nne, na maji yakianza kupanda vijana wanavifungua na kuvipeleka stoo. Nguzo zinabaki tupu, na maji yanapita bila cha kushika.

Ndugu wa Garuga, je, mawimbi yanakufikia, au mafunjo yanakukinga?

6. Mrithi_wa_Garuga

Nawashukuru wote. Hajati, mafunjo yananikinga kwa pande tatu, lakini upande wa kusini-magharibi uko wazi. Ndugu Mpimaji, sikuwa na kibali. Fundi aliniambia kwamba kibali ni cha hoteli tu, nami nilitaka kuamini hivyo.

FundiMbao, nguzo nilizonunua zilikuwa za mita nne. Wakati wa ujenzi maji yalikuwa na kina cha mita 1.3 na sakafu ilikaa sentimita 40 juu ya maji, kwa hiyo kwa hesabu yangu kila nguzo ilipaswa kuwa imeingia mita 2.3 kwenye tope. Zilisukumwa na vijana wawili waliosimama juu ya mtumbwi, kisha zikapigwa kwa nyundo kubwa.

7. FundiMbao_Masese

Kupiga nyundo ukiwa juu ya mtumbwi! Nusu ya nguvu inaishia kwenye mtumbwi, ambao unashuka na kurudi nyuma kila unapopiga. Sisi tunasimika miti mitatu iliyofungwa pamoja juu, tunaning'iniza gogo zito kwa kamba na kapi, tunalivuta na kuliachia. Au tunatumia pampu ya maji: bomba linafungwa ubavuni mwa nguzo, maji yanachimba tope chini ya ncha, nguzo inashuka yenyewe, halafu tope linajirudia na kuibana.

Na wewe Baharia, kilo 500 zako uzigawe kwa nguzo 16. Zinabaki kilo 31 hivi kwa kila nguzo. Mwanangu wa kidato cha kwanza ana uzito zaidi ya huo.

8. Mtafiti_Oevu

Hesabu ya Baharia ina kasoro nyingine. Msonobari uliotiwa dawa huingizwa maji yenye dawa kwa shinikizo, na ukikaa ndani ya ziwa kwa wiki kadhaa hunywa maji zaidi, kwa hiyo uzito wake unasogea kuelekea uzito wa maji yenyewe. Nguvu ya kuelea siku ya kwanza si ile ya wiki ya tatu. Kwa makadirio yangu mwishoni ilibaki nusu yake au chini ya hapo.

Mimi ninashuku kitu ambacho hakuna aliyekitaja, yaani mafunjo yenyewe. Ukingoni mwa ziwa mara nyingi mafunjo hayasimami juu ya ardhi, yanaelea. Mizizi na mashina hufumana na kuwa mkeka mnene, na mkeka huo hupanda na kushuka pamoja na maji. Mkishindilia nguzo kupitia mkeka huo, mizizi huizunguka kwa mwaka mmoja au miwili na kuishika barabara. Maji yakipanda, mkeka unapanda, na nguzo inapanda nao kama msumari unaong'olewa kwa koleo. Mkeka ukimeguka na kusukumwa na upepo, unakuwa kisiwa. Mnakumbuka Aprili 2020 kisiwa cha namna hiyo kilivyofika kwenye bwawa la umeme la Nalubaale, Jinja, na nchi nzima ikakosa umeme. Kinachoweza kuzima mitambo ya Nalubaale hakishindwi na nguzo za mkaratusi.

9. Baharia_Mwanza

Ninakubali kusahihishwa kuhusu maji yaliyonywewa na mbao, lakini sikubali kilo za mtoto wa kidato cha kwanza. Nguvu ya kuelea haikuwa peke yake. Kila wimbi lililopita juu ya sakafu iliyozama liliinyanyua na kuiachia, na nguzo iliyo kwenye tope laini hailegei kwa mvuto mmoja mkubwa, hulegezwa na mivuto midogo elfu moja. Atikise jino bovu ataona.

10. Binamu_wa_Tampa

Salamu kutoka Florida. Huku kuna miongozo maalumu ya njia na magati yanayopita juu ya nyasi za majini na mikoko: sakafu iwe angalau futi tano juu ya maji ya kujaa ya kawaida, upana usizidi futi nne, na kati ya ubao na ubao kuwe na nafasi isiyopungua nusu inchi ili mwanga ufike chini, kwa sababu mmea unaofunikwa na kivuli hufa, na mizizi ikifa ukingo hubomoka. Kwa mita, hiyo ni takriban mita 1.5 juu ya maji. Upana wa mleta uzi ni sahihi kabisa, lakini sentimita 40 juu ya maji ni kama kuweka meza sakafuni.

11. Baharia_Mwanza

Binamu, vipimo vyako ni vizuri ila usivihamishe hivi hivi. Huko mna bahari inayojaa na kupwa kila siku, na mtu akikaa gatini saa 24 ameshajua kiwango cha juu na cha chini. Ziwa Victoria halina maji kujaa na kupwa ya kuhesabika. Lenyewe hupumua kwa miaka. Kati ya mwishoni mwa 1961 na Mei 1964 lilipanda takriban mita 2.5 na kufikia mita 13.41 kwenye kipimo cha Jinja. Mwaka 2006 lilishuka hadi magati yakabaki kwenye nchi kavu, na watu wakajenga pale maji yalipokuwa. Kisha kuanzia Oktoba 2019 likapanda zaidi ya mita 1.3 ndani ya miezi saba hivi, na Mei 2020 likafika mita 13.42, sentimita moja juu ya rekodi ya 1964. Kwa hiyo swali la "juu ya maji kwa kiasi gani" linahitaji swali jingine kwanza: maji ya mwaka gani?

12. Mpimaji_Ardhi

Na hapo ndipo wateja wangu wanapopotea. Wananionyesha maji ya leo na kuniambia nipime mita 200 kutoka hapo. Kanuni inataja alama ya maji ya chini, si maji ya leo. Ziwa likiwa juu, sehemu ya ukanda huo wa mita 200 imelala chini ya maji, na mtu anaweza kudhani kiwanja chake kimeliwa na ziwa ilhali kipande hicho hakikuwahi kuwa cha kujenga. Hati ya mailo, ule umiliki wa kudumu wa ardhi wa Buganda, haibadilishi jambo hilo.

13. Mzee_wa_Mwalo

Nimesoma kimya tangu jana. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama watu wengine hupita hapo. Mimi nimevua samaki kwa miaka 31, na kila mwaka kuna njia mpya ya mbao inayokata mapito ya mitumbwi midogo ndani ya mafunjo, na mwisho wake kuna kibao cha kukataza watu kufunga mtumbwi. Ibara ya 237 ya Katiba inasema maziwa ya asili, mito na ardhi oevu vinashikiliwa na Serikali kwa niaba ya wananchi wote. Mtu ana haki ya kiwanja chake, lakini maji si kiwanja. Kama njia ina sentimita 40 tu juu ya maji, mtumbwi unapita wapi? Usiku tunagonga nguzo hizo kwa sababu hatuzioni. Huenda hata hiyo ni sababu moja ya kulegea kwake, na sioni aibu kuitaja.

14. Hajati_Kalangala

Mzee amesema kweli. Mimi niliacha nafasi ya mita tatu katikati, nikainua sakafu hapo kama daraja, na wavuvi wakaacha kunigongea. Ilinigharimu ngazi nne tu za ziada.

15. Mrithi_wa_Garuga

Mzee wangu, maneno yako yamenifikia. Kibao hicho kilikuwepo na nimekiondoa.

Jana nilifanya kama mlivyoniagiza. Tuliing'oa nguzo ya kushoto ya jozi ya 19 kwa kapi, na hivi ndivyo nilivyoona. Kwanza, nguzo haina mita nne. Ina mita 3.3. Nilisimama nikiipima mara tatu, kisha nikakumbuka kwamba askari wangu wa lango hukalia kipande cha mkaratusi chenye urefu wa sentimita 70 hivi, na kwamba vipande vya namna hiyo vilikuwa vingi pale nyuma ya jiko. Fundi alizikata ili zishuke haraka. Pili, nondo iliingia mita 2.9 kabla ya kukataa, na ilipotoka ncha yake ilikuwa na udongo wa kijivu unaonata kama ule wa mfinyanzi, ilhali nguzo yenyewe iliishia kwenye mita 1.6, ndani ya tope jeusi linalonuka majani yaliyooza. Tatu, sentimita 50 za nguzo, pale palipokuwa na mafunjo, zimezungukwa na mizizi iliyosukwa kama ukili, na ilibidi tuikate kwa panga. Nne, tundu la bolti linaloshika boriti, ambalo lilikuwa duara, sasa lina umbo la yai.

16. FundiMbao_Masese

Mita 1.6 kati ya 2.9! Sina la kuongeza. Nguzo hiyo haikuwa imesimama, ilikuwa imeegemea.

17. Mtafiti_Oevu

Mizizi iliyosukwa kama ukili kwa sentimita 50. Mimi pia sina la kuongeza.

18. Baharia_Mwanza

Mmeacha ushahidi muhimu kuliko yote. Tundu la bolti limerefuka kuelekea wapi? Kama sakafu ndiyo iliyoivuta nguzo kwenda juu, bolti imekula ukingo wa juu wa tundu kwenye nguzo. Kama mafunjo ndiyo yaliyoisukuma nguzo na sakafu ikawa mzigo juu yake, bolti imekula ukingo wa chini. Mleta uzi, tafadhali rudi ukatazame.

19. Mrithi_wa_Garuga

Nimetazama kwa tochi. Limerefuka pande zote mbili, juu kidogo zaidi kuliko chini.

20. Mtafiti_Oevu

Maji yaliposhuka, sakafu iliyolowa ilining'inia kwa uzito wake wote kwenye bolti hizo. Ukingo wa chini ungeliwa kwa vyovyote vile, na ukingo wa juu ungeliwa na mawimbi. Tundu hilo haliwezi kumhukumu mtu.

21. Seremala_Kisumu

Ningependa kuuliza kuhusu misumari, kwa sababu naona mnabishana juu ya nguzo peke yake. Dawa ya kijani inayotumika kwenye mbao hizi ina shaba ndani yake, na shaba hiyo hula chuma cha kawaida, hasa penye unyevu. Nilifungua sakafu moja ya miaka minne nikakuta misumari ambayo kichwa chake kilikuwa kizima kabisa, lakini ndani ya mbao ulikuwa umebaki mwembamba kama njiti ya kiberiti, na niliuvunja kwa vidole. Sakafu ya namna hiyo haishikani na boriti, imelala tu juu yake. Tumia bolti na misumari iliyozamishwa kwenye zinki ya moto, au chuma kisichoshika kutu kama mfuko unaruhusu. Ile ya kupakwa zinki nyembamba inayong'aa dukani haifai.

Na hivyo vipande vya nyuma ya jiko, naomba uvihesabu. Dawa hiyo ina pia aseniki. Visichomwe kama kuni, wala majivu yake yasipelekwe bustanini.

22. Mrithi_wa_Garuga

Vimebaki vitano. Nimevifungia stoo leo asubuhi, na mpishi nimemweleza. Kuhusu vingine sipendi kufikiria.

23. Mwanafunzi_wa_Bombo

Samahanini wakubwa, kwa nini asitumie mvule kama wazee walivyofanya kwenye mitumbwi? Hauhitaji dawa yoyote.

24. FundiMbao_Masese

Mvule hauna mpinzani, mwanangu, lakini kuupata kihalali na kwa bei ya mtu wa kawaida ni kazi, na si sawa kuangusha mti wa miaka hamsini ili watu wapigie picha machweo. Kwa nguzo ndogo napendekeza lusambya, ambao mchwa huuogopa. Musizi usiuguse, unaoza haraka. Tukumbuke pia kwamba nguzo ya ziwani haiozi chini ya tope, kwa sababu huko hakuna hewa. Huoza pale inapolowa na kukauka, kwenye usawa wa maji. Nimeng'oa nguzo za zamani ambazo chini zilinuka mti mbichi na katikati zilikuwa zimechongoka kama penseli. Na tushukuru kwamba ziwa letu ni la maji yasiyo na chumvi, kwa maana wale wadudu wanaotoboa nguzo za Mombasa na Unguja hawaishi huku.

25. Mtafiti_Oevu

Kuhusu ushauri wa jirani wa kumwaga moramu, naomba mleta uzi ausahau kabisa. Tuta la moramu kwenye mafunjo ni ukuta: maji hujaa upande mmoja na kupungua upande wa pili, mafunjo ya upande huo hufa, na udongo mwekundu hutiririka ziwani kila mvua inaponyesha. Ninyi wa Garuga mko karibu na ghuba ya Lutembe, iliyoorodheshwa chini ya mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, tangu mwaka 2006 kwa ajili ya ndege wake. Njia ya nguzo inaacha maji yapite. Mkitaka mfano mzuri, nendeni Bigodi karibu na msitu wa Kibale, ambako wanakijiji wana njia za mbao juu ya kinamasi na wanazitengeneza wenyewe ubao mmoja mmoja.

26. Mpimaji_Ardhi

Na kisheria kujaza ardhi oevu ni kosa zito kuliko kusimika nguzo. Ukienda kuomba kibali na picha ya tuta la moramu mkononi, umejishtaki mwenyewe.

27. Hajati_Kalangala

Basi aelee! Rafiki yangu ana sehemu ya mwisho inayoelea juu ya mapipa ya plastiki ya lita 200, na maji yakipanda njia inapanda. Hahitaji kujua rekodi ya mwaka 1964 wala ya mwaka wowote.

28. Baharia_Mwanza

Hajati, hilo ndilo ningefanya mimi pia, ila lina masharti yake. Sehemu ya nchi kavu hadi mwisho wa mafunjo ibaki kwenye nguzo ndefu, kisha kuwe na daraja fupi lenye bawaba juu na magurudumu chini, ndipo jukwaa linaloelea lianze. Jukwaa lizuiwe na nguzo za kuongoza zinazopita ndani ya pete, na nguzo hizo ziwe ndefu kwelikweli. Nimeona jukwaa lililopanda mpaka likavuka ncha za nguzo zake na kuondoka zake, likaokotwa mwalo wa tatu likiwa na viti viwili na mwavuli. Mapipa nayo yafungwe ndani ya fremu, yasifungwe kwa kamba peke yake, maana pipa likitoboka upande mmoja jukwaa zima linapiga magoti.

29. Mtafiti_Oevu

Ongeza gugumaji. Likijazana upande wa upepo, shehena yake dhidi ya jukwaa linaloelea ni kubwa kuliko dhidi ya nguzo tupu, kwa kuwa nguzo huliacha lipite. Na konokono wa kichocho hupenda mahali pa namna hiyo, penye majani na maji yaliyotulia. Njia iliyojengwa kuwakinga watoto isije ikawatengenezea konokono nyumba pale mwisho wa ngazi.

30. Seremala_Kisumu

Na taa ziwe chache. Usiku mmoja wa sami, wale wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata taa, na sakafu inateleza kama imepakwa mafuta.

31. Mrithi_wa_Garuga

Nimeamua kusimamisha kazi yote mpaka nipate kibali, na ndugu Mpimaji amekubali kuja Jumamosi kunionyesha alama ya maji ya chini. Nguzo za jozi ya 17 hadi ya 24 zitang'olewa zote. Hata hivyo kuna jambo linalonisumbua. Nje kidogo ya jozi ya 24, hatua mbili mbele yake, kuna nguzo moja peke yake ambayo haikuwekwa na fundi wangu. Ilikuwepo kabla. Nimeipima kwa timazi: imesimama wima, haijasogea hata kidogo, ingawa ndiyo iliyo mbali zaidi na ndiyo inayopigwa na upepo wa kusini-magharibi kuliko zote.

32. FundiMbao_Masese

Mti gani? Nina hakika imefika kwenye udongo wa kijivu.

33. Baharia_Mwanza

Haina sakafu juu yake, kwa hiyo haikuwa na cha kuivuta. Asante kwa kunithibitishia.

34. Mtafiti_Oevu

Iko nje ya mkeka wa mafunjo, kwa hiyo haikuwa na mizizi ya kuinyanyua. Asante kwa kunithibitishia mimi.

35. Mzee_wa_Mwalo

Ni lusambya. Iliwekwa na mjomba wangu kwa ajili ya kufungia mtumbwi, zamani, kabla ya baba yako kununua. Aliishindilia akiwa amesimama ndani ya maji, wakati ziwa lilikuwa limeshuka. Kwa kuwa kibao umekiondoa, naomba kujua kama ninaweza kufunga hapo mtumbwi wangu Jumamosi. Nitakuja kumsikiliza huyo mpimaji.

36. Mrithi_wa_Garuga

Karibu sana, Mzee. Njoo mapema, kabla upepo haujaanza.